Kaboni au alumini? Hesabu ya baisikeli ya kwanza ya mbio, Kitswamba hadi Mpondwe

KITSWAMBA, Kasese

Barabara ya lami inayotoka Fort Portal hupita Kitswamba na Hima kabla ya kuingia Kasese mjini. Kutoka hapo huteremka hadi njiapanda ya Kikorongo, karibu na ikweta, na anayekwenda mpakani hukata kulia kuelekea Kisinga, Kinyamaseke, Bwera na Mpondwe. Baisikeli si kitu kigeni kwenye njia hii. Iliyozoeleka ni ya chuma, nyeusi, yenye keria pana ya kubebea matoke, madumu au gunia la kahawa, na ina uzito wa karibu kilo 20 kabla ya mzigo. Waganda huiita gaali. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kasindi, wengi huiita kinga. Spana inayoifungua ni ileile pande zote mbili.

Baisikeli ya mbio ni habari nyingine, na siku hizi inatafutwa. Kuanzia Septemba 21 hadi 28, 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio ndefu ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267.5, Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo Mganda Charles Kagimu aliiwakilisha nchi yake katika baisikeli kwenye Olimpiki ya Paris. Kijana aliyeyaona hayo kwenye simu akishapata fedha ya msimu wa kahawa, dukani hukutana na maneno mawili: kaboni na alumini. Muuzaji atamwambia kaboni ni bora. Kwa jumla ni kweli, lakini kwa mnunuzi huyu, kwenye barabara hii, ushauri huo unaweza kumpotezea fedha yote.

Wafanyabiashara wa mpakani wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, Busia, katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baisikeli walipovusha watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha. Baisikeli imekuwa mtaji tangu wakati huo. Ya mbio nayo ni mtaji, ila ni mtaji ambao kasoro yake inaweza kujificha chini ya rangi.

Alumini kila nyumba inaijua, kwa kuwa sufuria nyingi za jikoni ni alumini. Ya fremu huchanganywa na madini mengine ili iwe ngumu, mabomba huchomelewa, kisha fremu nzima hupitishwa kwenye joto maalumu ili irudishe nguvu iliyopotea wakati wa kuchomelea. Kaboni haichomelewi. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi ya epoksi, zikaokwa ndani ya kalibu. Mhandisi anaweza kuzipanga ili fremu iwe ngumu hapa na inyumbuke kidogo pale. Ndiyo maana mabingwa wote wa leo wanaipanda. Hata hivyo alumini si kitu cha kudharau: Marco Pantani alishinda Tour de France ya mwaka 1998 akiwa juu ya Bianchi ya alumini.

Tofauti ya uzito ndiyo inayouza kaboni, kwa hiyo inafaa ipigiwe hesabu. Baisikeli ya mbio ya alumini ya daraja la kwanza huwa na kilo 9 hadi 11. Ya kaboni ya bei inayokaribiana nayo huwa pungufu kwa kilo moja hivi. Kanuni za shirikisho la dunia, UCI, haziruhusu baisikeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Chukua mpandaji wa kilo 65 juu ya baisikeli ya kilo 10, jumla kilo 75. Akipunguza kilo moja, amepunguza sehemu moja kati ya 75. Kwenye mlima wa kupanda saa nzima ataokoa sekunde 48, tena kwa makadirio ya ukarimu. Kwenye tambarare ya Kasese hataokoa karibu chochote, kwa sababu kule adui ni upepo. Chupa moja ya maji aliyoisahau nyumbani ingempa nafuu karibu hiyohiyo bila kulipa shilingi.

Upana wa tairi una uzito mkubwa zaidi katika uamuzi huu, na wauzaji wengi hawautaji kabisa. Lori la mizigo likija nyuma, mwenye baisikeli hana budi kushuka kwenye changarawe ya pembeni. Tairi la milimita 28 au zaidi, lenye upepo wa kiasi, huvumilia hayo. La milimita 23 hutoboka, au hupigwa hadi rimu ipinde. Fremu nyingi za kaboni zilizotengenezwa kabla breki za diski hazijaenea haziwezi kupokea tairi linalozidi milimita 25. Na hizo ndizo zinazoletwa kama mtumba, kwa sababu wenyewe huko Ulaya wamehamia kwenye mpya.

Mtu mwenye shilingi milioni 3 za Uganda mfukoni, kwa mfano, hachagui kati ya kaboni mpya na alumini mpya. Huchagua kati ya alumini mpya au iliyotumika kidogo, na kaboni ya miaka kumi ambayo haijulikani imepitia mikono mingapi. Hapo swali linabadilika: ni ipi kati ya hizo mbili inayoweza kukaguliwa na fundi wa Bwera?

Alumini ikigongwa hubonyea, na jicho linaona. Ikichoka, ufa huanza karibu na maungio, rangi hupasuka, mara nyingi hutoa kelele kabla ya kukatika. Inachoka kweli, tofauti na chuma, alumini haina kiwango cha chini cha mtikisiko ambacho ingeweza kukistahimili milele, na kila shimo linaongeza hesabu yake. Lakini huchoka hadharani. Kaboni ni imara mno kwa nguvu inayotoka upande ambao nyuzi zake zilipangwa kuistahimili, na haichoki haraka. Tatizo lake ni kubanwa na kugongwa kwa pembe ya kitu. Tabaka za ndani zinaweza kuachana na rangi ya nje ikabaki inang'aa. Siku zikipita fremu hukatika ghafla, na siku hiyo mpandaji anaweza kuwa kwenye mteremko.

Maisha ya baisikeli katika ukanda huu yamejaa kubanwa. Husafirishwa juu ya basi, ikafungwa kwa kamba za mpira, gunia likaegemezwa juu yake. Mwenyewe akitaka kubeba kitu hufunga keria kwa vibanio vya bomba; vibanio hivyo kwenye kaboni ni sawa na kuipasua kwa spana. Hata nati ya kiti ina kipimo chake, mara nyingi karibu Nyutoni-mita 5, kiasi ambacho fundi aliyezoea gaali hukivuka kwa mzunguko mmoja wa mkono bila kusikia lolote. Rimu za kaboni zenye breki za mpira zina hatari yake pia: mtu akiteremka mteremko mrefu wa Kichwamba kutoka upande wa Bushenyi (si Kitswamba, majina yanafanana lakini ni mahali tofauti) huku ameshika breki muda wote, joto linaweza kulegeza gundi ya rimu. Jua la Kasese lenyewe halina shida. Fremu nzuri hustahimili joto kubwa kuliko la jua.

Kwa mfanyabiashara anayeletewa kaboni ya mtumba na kutakiwa kuamua papo hapo, kuna njia za kuipima bila mashine. Osha fremu kwanza, kwa sababu uchafu huficha ufa. Ipige taratibu kwa sarafu kuanzia juu hadi chini: sehemu nzima hutoa mlio mkavu, iliyoachana tabaka hutoa mlio wa kufa, kama boga lililooza. Pitisha kitambaa laini. Kikinaswa, kuna uzi uliochomoza. Tazama chini ya kila stika, eneo la pedali, na mabomba ya nyuma mahali mnyororo ulipowahi kunasa. Kisha fungua nati ya kiti na ujaribu kukisogeza. Nguzo ya kiti ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya kaboni, ikapata jasho na mvua, hushikana nayo kwa kutu ya aina yake, na baisikeli isiyoweza kurekebishwa kiti itamfaa mtu wa kimo kimoja tu. Jambo la mwisho ni jina. Fremu za kughushi zenye stika za kampuni kubwa kama Pinarello zimejulikana duniani kwa miaka mingi. Bei ikiwa ya ajabu, sababu yake si ukarimu.

Ukaguzi huohuo unaihusu alumini kwa sehemu moja: uma wa mbele. Baisikeli nyingi za mbio zinazouzwa kama alumini zina uma wa kaboni ili kupunguza mtikisiko mikononi. Uma ukikatika, mpandaji huanguka kwa uso. Mnunuzi wa alumini ya mtumba asiridhike hadi uma utolewe na kutazamwa pale juu unapoingia kwenye fremu.

Yakishapita hayo, fedha iliyobaki iende kwenye vitu vinavyosahaulika: fremu ya kimo sahihi, tairi jipya, na gia ambazo vipuri vyake havitafutwi kama dawa. Shimano Claris yenye gia nane nyuma haina sifa mitandaoni, lakini mnyororo wake ni wa bei nafuu na fundi anaurekebisha kwa kebo ya kawaida. Gia za umeme zinahitaji betri na chaja yake. Eneo la pedali lenye skurubu ni bora kuliko lile la kupachikwa kwa mgandamizo, ambalo halifunguki bila kifaa chake maalumu.

Forodhani, kaboni na alumini havina tofauti. Baisikeli zisizo na injini zote huingia chini ya namba 8712 ya orodha ya bidhaa ya dunia, na fremu au uma ukiletwa peke yake chini ya 8714. Ushuru huhesabiwa kwa thamani, hivyo jina la gharama kubwa kwenye bomba linaweza kuzua mabishano marefu ikiwa hakuna risiti. Wapo wanaodhani utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, ule wa shehena isiyozidi dola 2,000, utaivusha baisikeli yoyote bila ushuru. Sivyo. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye asili ya nchi wanachama. Baisikeli ya Taiwan au China haigeuki kuwa bidhaa ya Uganda hata ikikaa dukani Kampala miaka mitano. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia rasmi kwenye Jumuiya Julai 2022, na hilo halikubadilisha asili ya fremu.

Soko la ng'ambo linaweza kukua. Juni 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua pale Mpondwe mradi wa barabara, ikiwemo ile ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Lami ikifika, tairi jembamba hufuata. Hali ya usalama ya Beni ni suala jingine, na wanaopita njia hiyo kila wiki wanaijua kuliko gazeti lolote.

Lipo pia jibu ambalo muuzaji wa kisasa halitaji: chuma. Baisikeli ya mbio ya chuma chepesi, yenye mabomba membamba ya zamani, huwa nzito kuliko alumini kwa kilo moja au mbili. Ikipinda hunyooshwa, ikipasuka mchomeleaji mwenye mkono mwepesi huiunga. Alumini iliyokatika haiungwi kando ya barabara; inahitaji gesi na joto ambavyo mafundi wengi wa mjini hawana, na mwisho wake ni kuuzwa kama chuma chakavu. Kaboni inaweza kuungwa kwa nyuzi mpya na gundi, ila na mtaalamu, na gharama ya kumfikia huenda ikapita bei ya fremu yenyewe. Kwa kijana asiye na hakika kama ataendelea na mbio baada ya mwaka mmoja, chuma cha mtumba kilichonyooka kina uhakika wa mnunuzi wa pili kuliko vyote viwili.

Anayenunua yoyote kati ya hizo, iwe Kampala, Kasese au Bwera, adai risiti iliyoandikwa namba ya fremu. Bila hiyo hawezi kuthibitisha kwamba mali ni yake wala kwamba imelipiwa ushuru. Mara nyingi namba huwa imechongwa chini, pale pedali zinapokutana na fremu. Kwenye baisikeli iliyopakwa rangi upya, hapo ndipo pa kuanza kukwangua kwa ukucha kabla ya kuhesabu noti.