Kutia Picha Ukungu kwa Makusudi: Lenzi na Uso wa Msemaji

Wanafunzi wanaokwenda Arua na Koboko kuchunguza Kiswahili na Kinubi hurudi na sauti pamoja na picha. Miongoni mwa wasemaji wao wamo wakimbizi. Koboko imepakana na Kongo na Sudani Kusini, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Uso uliopigwa picha sokoni Koboko waweza kutambuliwa Yei. Ndiyo maana wakati mwingine hatuna budi kumpiga msemaji picha bila kuuonyesha uso wake.

Kwanza tutofautishe maneno. Picha iliyofifia imepungukiwa na rangi. Picha iliyotikisika imeharibiwa na mkono wa mpigaji. Picha yenye ukungu, tunayoizungumzia hapa, imepoteza kingo za vitu kwa sababu lenzi imelengwa mahali pengine.

Lenzi ikilengwa sawasawa, miale ya nuru itokayo katika nukta moja ya uso hukutana tena katika nukta moja ndani ya kamera. Tukiizungusha pete ya fokasi, nukta hiyo huwa duara, na maduara hupandiana hata macho na mdomo visitambulike. Tundu la lenzi likiwa pana, duara huwa kubwa. Tuchukue lenzi ya milimita 50 iliyolengwa umbali wa sentimita 45, na msemaji ameketi mita 2 kutoka kamera. Kwa tundu la f/1.8, kila nukta ya uso wake hutanda kama duara la karibu sentimita 10. Kwa f/16, sentimita 1 tu, na jamaa yake ataweza kumtambua. Kwa hiyo tuzime fokasi ya kujiendesha, tufungue tundu, kisha tulenge kitu cha karibu, kama vile daftari.

Kwa nini tusisubiri kutia ukungu kwa kompyuta? Kwa sababu picha ya asili hubaki na uso kamili. Kamera ikipotea njiani, siri imetoka. Lenzi haiachi nakala hiyo.

Hata hivyo, ukungu hauifichi sauti, wala kitenge, wala mlango wa nyumba. Tumwombe msemaji idhini kwa lugha anayoielewa, na tumwonyeshe picha kabla ya kuondoka. Aamue mwenyewe kama amefichika.