Maziwa Hayatibu Vidonda vya Tumbo

Mgonjwa wa vidonda vya tumbo anywe maziwa kiasi gani kwa siku? Swali hili halikauki kwenye madirisha ya dawa, na huulizwa kana kwamba nusu yake imeshajibiwa: maziwa ni dawa, kilichobaki ni kujua kipimo. Maziwa si dawa ya vidonda vya tumbo. Hayafungi kidonda, hayaui bakteria, hayazuii asidi kwa muda wa maana, na kwa mgonjwa aliye kwenye dozi yanaweza kuivuruga dawa aliyoinunua kwa pesa nyingi.

Imani yenyewe haikutoka hewani. Maziwa yana pH ya karibu 6.6, wakati tumbo tupu huwa kati ya 1 na 2. Yakishuka tumboni huchanganyika na asidi, ukali wake hupungua, na maumivu ya chembe hutulia baada ya dakika chache. Mtu aliyeamka saa nane za usiku ameshika tumbo, akanywa kikombe kimoja na kupata usingizi, hahitaji kuhubiriwa, ameona mwenyewe. Asichokiona ni kinachofuata akiwa amelala. Protini na kalsiamu ya maziwa huziamsha seli za sehemu ya chini ya tumbo zinazotoa homoni ya gastrini. Gastrini huingia kwenye damu, huzunguka na kurudi kwenye ukuta wa tumbo, kisha huzichochea seli za asidi, kwa sehemu kubwa kwa kupitia histamini. Nafuu inapoisha, asidi iliyoitwa na maziwa yaleyale bado inamiminika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima wenye afya, na wengine wenye vidonda vya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, mililita 240 za maziwa: yenye mafuta kamili, yaliyopunguzwa mafuta na yasiyo na mafuta kabisa. Asidi ilipanda kwa yote matatu. Ule ushauri wa mtaani kwamba dawa ni maziwa yaliyoenguliwa umeanguka hapo. Miaka kumi baadaye jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio la madaktari wa India kwa wagonjwa wa vidonda vya duodeni waliokuwa wakitumia simetidini, dawa ya kupunguza asidi. Kundi moja lilikula chakula cha kawaida. Jingine liliishi kwa maziwa, lita 2 kwa siku. Baada ya wiki nne walichunguzwa kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kinywani hadi tumboni. Waliokula kawaida walipona karibu asilimia 80. Wa maziwa walipona takriban nusu tu. Dawa ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili.

Waliopandikiza imani hii, ajabu, si bibi wa kijijini bali madaktari wa mjini. Bertram Sippy, daktari wa Chicago, alitangaza tiba yake mwaka 1915: mgonjwa anyweshwe maziwa na malai kila saa, na katikati apewe unga wa kuua asidi. Tiba hiyo ilitawala hospitali za nchi nyingi kwa zaidi ya nusu karne. Wako waliolimbikiza kalsiamu kwenye damu hadi figo zikadhurika, na ugonjwa huo ukaingia vitabuni kwa jina la maziwa na alkali. Mwaka 1960 uchunguzi wa maiti za wagonjwa wa vidonda, Marekani na Uingereza, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa maziwa mengi walikuwa na alama za shambulio la moyo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Tiba ya Sippy imeshaachwa hospitalini, ila bado inaulizwa dirishani.

Kuna na hili ambalo halisemwi vya kutosha. Moja ya dozi bora za kuua bakteria wa vidonda ina tetrasaiklini ndani yake, na tetrasaiklini ikikutana na kalsiamu tumboni hushikana nayo na kuwa kitu ambacho utumbo haukinyonyi. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake kwa glasi ya maziwa "ili visichome" anavitupa chooni kwa mwendo wa polepole. Siprofloksasini, inayotumika kwa magonjwa mengine, hupatwa na hayohayo. Dawa hizi zinywewe kwa maji.

Juisi ya kabichi, asali, unga wa ndizi mbichi, mshubiri na maji ya magadi havistahili ukurasa mzima. Kabichi na ndizi ni chakula. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba vinaweza kuchukua nafasi ya dozi. Magadi hupoza asidi kwa muda mfupi, hujaza gesi, na humpakia chumvi mtu ambaye huenda tayari ana presha. Pilipili na mawazo, vinavyolaumiwa kila siku, vinaweza kuyachochea maumivu lakini si kwamba ndivyo vinavyochimba kidonda.

Vinavyochimba kidonda, kwa wagonjwa walio wengi, ni viwili tu: bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu.

Bakteria huyo aligunduliwa Perth, Australia, na Robin Warren na Barry Marshall. Wakati ule iliaminika kuwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi ndani ya asidi ya tumbo. Walijaribu kumwotesha maabara mara nyingi bila mafanikio, mpaka Pasaka ya mwaka 1982, sahani zilipoachwa kwenye joto siku tano kwa sababu ya sikukuu, naye akaota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache alianza kutapika, na endoskopi ikaonyesha tumbo lililowaka. Hakupata kidonda, tofauti na inavyosimuliwa, ila alionyesha kwamba bakteria ndiye anayeanzisha uvimbe ambao kidonda hutokea juu yake. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hujilinda kwa kimeng'enya cha yurease, kinachoivunja yurea na kutoa amonia, na amonia huipoza asidi pale alipojibanza. Hukaa chini ya ute, huuchokoza ukuta, na hubaki humo miaka mingi asipotibiwa. Wengi walio naye hawapati kidonda maisha yao yote. Ila mwenye kidonda aliye naye asipomwondoa, kidonda hufunga na kufunguka tena. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimweka katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kisababishi cha pili huuzwa waziwazi. Mteja anayefika duka la dawa akaomba diklofenaki ya mgongo, magnesiamu ya tumbo na pakiti ya maziwa ya kusindikizia amebeba kwenye mfuko mmoja ugonjwa pamoja na vitu viwili visivyoutibu. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Prostaglandini hizohizo ndizo zinazoamuru tumbo litoe ute, litoe baikaboneti ya kujikinga, na lipate damu ya kutosha kujikarabati. Zikikatwa, ukuta unabaki uchi. Kwa kuwa kazi hii hufanyika kupitia damu, kumeza kidonge na maziwa hakuzuii kitu. Sindano haizuii. Hata dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa haizuii. Sindano ya diklofenaki "kwa sababu nina vidonda" ni ombi ambalo halipaswi kukubaliwa popote. Vidonge vya mchanganyiko vya kichwa navyo visomwe lebo, kwani vingi vina aspirini iliyojificha kati ya parasetamoli na kafeini.

Na kuna kundi la tatu, pengine kubwa kuliko yote: watu wasio na kidonda kabisa. Kiungulia, gesi, kushiba haraka na maumivu ya chembe huitwa vidonda vya tumbo mitaani, halafu endoskopi ikifanywa tumbo linakutwa zima. Maumivu yao ni ya kweli. Jina ndilo la kubahatisha, na dozi ya kubahatisha hufuata jina.

Kwa hiyo kipimo kwanza. Kinyesi hupimwa kutafuta chembe za bakteria mwenyewe, au pumzi hupimwa baada ya kunywa yurea. Endoskopi ni ya lazima kwa anayepungua uzito, anayeshindwa kumeza, mwenye upungufu wa damu, au aliyeanza kuumwa umri umeshasogea. Kipimo cha damu cha kingamwili hakifai kuamulia matibabu, maana kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa. Wako waliorudia dozi mara tatu kwa sababu ya karatasi ya kipimo hicho, wakitibiwa ugonjwa uliokwisha. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, iachwe wiki 2 kabla ya kupima kinyesi au pumzi, na antibaiotiki wiki 4, la sivyo bakteria hujificha na jibu huja safi la uongo.

Akipatikana bakteria, dozi ni ya siku 14 na haikatizwi maumivu yakiisha siku ya nne. Mchanganyiko uliozoeleka ni omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, kila moja mara mbili kwa siku. Mwenye mzio wa penisilini haguswi na amoksilini; hupewa metronidazoli, naye akae mbali na pombe. Pale bakteria alipozoea klarithromaisini, au dozi ya kwanza iliposhindwa, hutumika dawa nne: omeprazoli, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Bismathi hufanya choo kiwe cheusi na ulimi pia, isimtishe mtu. Mjamzito hapewi tetrasaiklini. Angalau wiki 4 baada ya kumaliza dozi, kipimo kirudiwe ili kuthibitisha kuwa bakteria amekwisha, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Kidonda cha dawa za maumivu hutibiwa kwa kuacha dawa hizo, kutumia parasetamoli badala yake, na kumeza omeprazoli wiki 4 hadi 8. Anayetumia aspirini ya moyo kwa agizo la daktari asiiache mwenyewe; arudi kwa daktari aliyeiandika.

Omeprazoli nayo humezwa vibaya na watu wengi. Chembe zake zimepakwa ganda la kuzikinga na asidi, kwa hiyo kidonge hakitafunwi wala hakisagwi. Hupita tumboni bila kufanya kazi, hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, kisha damu huirudisha kwenye seli za asidi, ambako hujifunga kwenye pampu zinazofanya kazi wakati huo na kuzizima moja kwa moja hadi mwili utengeneze nyingine. Kwenye damu hudumu muda mfupi tu. Athari yake hudumu karibu siku nzima kwa sababu pampu zilizozimwa haziamki. Chakula ndicho kinachoziwasha pampu, ndiyo maana humezwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Kuimeza usiku baada ya kushiba, au pale tu tumbo linapouma, ni kuipotezea nguvu zake nyingi. Na aliyeitumia miezi mingi akaiacha ghafla huweza kupata asidi nyingi kwa wiki kadhaa. Hiyo ni athari ya kuacha, si kidonda kipya.

Vidonge na maji ya magnesiamu na aluminiamu vinafaa kwa kiungulia cha mara mojamoja, havifai kwa kidonda. Magnesiamu huharisha, aluminiamu hufungisha choo. Anayetumia dolutegravia kwa ajili ya VVU ajue kuwa dawa hizi huizuia kunyonywa: aimeze dolutegravia saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yazo. Baadhi ya dawa nyingine za VVU, ikiwemo atazanavia, hazipatani na omeprazoli, kwa hiyo mtoa dawa aambiwe mapema.

Maziwa yanabaki kuwa chakula kizuri, na mgonjwa wa vidonda anayeyapenda anaweza kuyanywa kwenye chai yake bila hofu, mbali na tetrasaiklini. Lakini anayetapika damu, au anayepata choo cheusi cha kunata bila kutumia bismathi wala vidonge vya kuongeza damu, au aliyeshikwa ghafla na maumivu makali na tumbo likawa gumu, asinywe chochote na asipitie duka la dawa. Aende hospitali saa hiyohiyo.