Mwanga Unapotendesha: Fuwele Zinazogeuza Nuru Kuwa Mwendo

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa sarufi anaifahamu kauli ya kutendesha: maji hayachemki kwa hiari yake, huchemshwa. Makala haya yananuia kueleza jinsi mwanga unavyoweza kuitendesha fuwele hata ikajipinda, ikanyooka na kuinua mzigo bila waya wala betri. Kwa kuwa kifaa kinachopokea nishati na kuigeuza kuwa mwendo hakina jina lililozoeleka katika Kiswahili, hapa tutakiita kitendeshi.

Siri ya Mpangilio

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Punje ya sukari ni mfano wa fuwele ya kikaboni. Fuwele tunazozijadili ni za jamii hiyo, ila molekuli zake huundwa maabarani. Mojawapo ni diarilietheni, ambayo ina pete ya atomu iliyo wazi. Ikipigwa na miali ya urujuanimno, pete hiyo hufunga. Ikipigwa na mwanga unaoonekana, hufunguka tena.

Katika kimiminika, kila molekuli hugeuka kivyake na mwendo wake hupotea bure. Katika fuwele, molekuli zimesimama safu kwa safu mithili ya askari gwarideni, hivyo mabadiliko madogo ya kila moja hujumlishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Ushahidi wa Maabara

Mnamo mwaka wa 2007, Masahiro Irie, Seiya Kobatake na wenzao nchini Japani walichapisha katika jarida la Nature matokeo kuhusu fuwele za ukubwa wa mikromita 10 hadi 100. Fuwele moja ya mraba iligeuka ikawa na umbo la uru ya karata. Nyingine ilinywea kwa asilimia 5 hadi 7. Zote ziliitikia mwanga kwa takriban mikrosekunde 25, na zilirejea hali ya awali zilipomulikwa kwa mwanga unaoonekana.

Fuwele nyembamba hujipinda kwa sababu mwanga haupenyi hadi ndani. Ubao mbichi ulioanikwa juani hupindika vivyo hivyo: upande uliopigwa na jua hunywea kabla ya mwenzake. Mwaka wa 2010, Masakazu Morimoto na Irie walionyesha kuwa ufito wa fuwele kama hiyo waweza kuinua kijitufe cha metali chenye uzito wa mara 200 hadi 600 kuliko wake.

Changamoto

Hata hivyo, mpangilio huohuo unaoipa fuwele nguvu ndio unaoifanya iwe dhaifu. Mkazo ukizidi, fuwele hupata nyufa; baadhi huruka au kupasuka vipande. Isitoshe, ni vigumu kukuza fuwele kubwa isiyo na dosari. Ndiyo maana watafiti wengine hupachika fuwele ndogondogo ndani ya plastiki nyumbufu: nguvu itoke kwa fuwele, ustahimilivu utoke kwa plastiki.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwanga ndio unaotendesha, lakini mpangilio ndio unaoigeuza nishati yake kuwa kazi. Kwa wanaisimu, neno kitendeshi lina faida moja: mnyambuliko wake unabainisha kwamba kifaa hiki hakitendi tu, bali hukifanya kitu kingine kitende. Istilahi inayobeba maelezo yake yenyewe humpunguzia msomaji safari. Wataalamu wa istilahi na wa fizikia wana wajibu wa kuipima kwa pamoja, waikubali au wapendekeze iliyo bora zaidi.