Unakunywa kinini ya kukonda? Sema mbele ya kutoa mukojo

Mwenzetu mumoja wa hapa Kamalondo, shofere wa kamyo kubwa za mugodi, alikuja kutuona asubuhi na kofia ya kazi mukononi. Beji yake ilibaki kwenye mulango. Walimupima mukojo mbele ya kuingia kazini, mustari wa amfetamini ukatoka. Mutu huyo havuti hata tumbaku. Simba moja siku ya mechi ya Mazembe, basi. «Ba delege, nimekula nini mimi?»

Tulimuuliza dawa gani alikunywa juma hilo. Alifikiri kidogo, akajibu kwa haya: ile ya kukonda tu.

Mambo ilianza kwa vizite ya munganga ya mwaka. Kilo 118, tansio juu. Munganga alimwambia wazi: kama tansio haishuki, karatasi ya kusema anaweza kuendesha kamyo haitatoka. Kila shofere anajua maana yake. Ukitoka kwenye kamyo, prime inakwenda, na watoto bako kwenye masomo. Njo akatafuta njia ya mukato. Shemeji yake mwenye kufanya biashara Johannesburg alipita Kasumbalesa na sanduku ya Duromine ndani ya mufuko. Afrika ya Kusini dawa hiyo haitoki famasi bila ordonansi. Kwetu ilitoka kwa shemeji.

Ndani ya Duromine muko fentermini. Hiyo ni ndugu ya karibu ya amfetamini. Marekani waliikubali tangu 1959 juu inaua njaa. Lakini inapandisha tansio na kukimbiza moyo. Basi mutu mwenye tansio alikunywa kitu cha kuipandisha, ili munganga aone imeshuka! Hatumuchekeshi. Hakuna mutu aliyemuelezea.

Sasa ile bandeleti ya kwenye mulango. Haisomi jina la dawa. Inatazama umbo tu, kama mulinzi anayetazama koti bila kuangalia uso. Fentermini inavaa koti la amfetamini, bandeleti inapiga alama. Bupropioni, ambayo munganga anaweza kukupa kwa kukonda ao kwa kuacha sigara, inaweza kufanya vile vile. Hata dawa za mafua zenye efedrini ao psedoefedrini zimeshaleta matata hayo. Njo maana kipimo cha kwanza si hukumu. Kiko kipimo cha pili, cha labo, chenye mashini ya kutenganisha vitu na kupima uzito wa kila kimoja. Hiyo haichanganyi fentermini na amfetamini.

Lakini musikilize vizuri: ziko dawa za kukonda ambazo mwili wenyewe unazigeuza kuwa amfetamini ya kweli, kama fenproporeksi na klobenzoreksi. Kwa hizo hata mashini kubwa itaikuta. Hapo kitu cha kwanza cha kukusaidia ni ordonansi, na neno ulilosema mapema.

Na Ozempic, ile sindano ambayo kila mutu anaizungumuzia? Haionekani kwa bandeleti hizi, haiko jamaa ya amfetamini kabisa. Shida yake ni ingine: kutapika na kuharisha, na mwili kukosa maji wakati uko chini kwenye joto. Orlistati pia haina matata na mukojo. Lakini ukiila na sombe ya mafuta mingi, mafuta inatoka bila kubisha hodi, na choo cha mugodi kiko mbali.

Chai na kapsuli «za majani tu» tunaziogopa zaidi. Sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 juu ya moyo, na kisha hapo imekutwa mara mingi imefichwa ndani ya dawa za kukonda zinazoitwa za asili. Hata zenye kuuzwa famasi si salama siku zote: Ufaransa walikunywa Mediator tangu 1976 mpaka 2009, wengine kwa kukonda, na ikaharibu valvu za moyo za watu wengi.

Na hapa kwetu kuko kichekesho. Mukono ule ule unaouza ya kukonda unauzia bamama ya kunenepa, siproeptadini. Hiyo inaleta usingizi. Bandeleti ya amfetamini haitasema kitu juu yake. Basi baba akikunywa ya bibi yake jioni apate hamu ya bukari, kisha akapanda kamyo usiku, kipimo kinamupitisha na kwaheri, na njo yeye anasinzia kwenye usukani. Mwenzetu ambaye hakulala alizuiwa mulangoni.

Tulikwenda kuomba kipimo cha pili kwa mukojo ule ule. Walitujibu chupa imeshatupwa. Tangu siku hiyo tunadai chupa mbili: zote zifungwe mbele ya mufanyakazi, aweke sahihi, moja ibaki kwenye baridi kwa kipimo cha pili. Tunadai pia mufanyakazi aulizwe dawa zake mbele ya kupima, na karatasi hiyo iende kwa munganga, si kwa shefu wa ekipe. Code du travail ya 2002, artikle 62, inataka sababu ya kweli mbele ya kufukuza mutu wa kontra isiyo na mwisho. Mustari wa bandeleti bila kipimo cha pili, kwetu, si sababu. Na BIT, katika maelezo yake ya 1996 juu ya pombe na madawa kazini, inasema mambo haya ichukuliwe kama mambo ya afya, na siri ya mufanyakazi ilindwe.

Nyinyi bamama mwenye kusoma hii: tazameni kwenye mufuko wa baba. Kinini bila sanduku, kinini bila jina, aionyeshe kwa munganga mbele ya kurudi kazini. Na ordonansi mupige foto, ikae kwenye telefoni.

Mwenzetu alirudi kazini kisha juma tano bila mushahara. Hawakumurudisha kwenye kamyo. Anagawa vyombo kwenye magazini, bila prime, na dosie yake tungali nayo. Kinini aliacha. Kila jioni anatembea kwa miguu mpaka Kenya na kurudi. Juma lililopita alikuwa kilo 111.