Siku 21 za kariere, siku 21 za dawa: namna tunaishi na kansere mu nyumba

Ku ukuta wa jikoni yetu, hapa Kolwezi, kuko kalandria moja tuliyopewa ku kazi mwisho wa mwaka. Tumeiandika na biki za rangi mbili. Bluu ni siku za kazi: 14 za kariere, saa 12 kila siku, kisha 7 za kupumzika. Nyekundu ni siku za mama watoto: siku ya kupima damu, siku ya dawa, siku ya kuonana na munganga. Kila asubuhi mbele ya kuenda masomo, watoto wanaangalia kwanza kalandria ile. Wanajua siku gani mama atakuwa na nguvu, na siku gani inaomba wapike wao.

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu, tumezoea kuwaandikia juu ya mishahara, kontra na hatari za kazi. Leo tunaandika juu ya nyumba. Mwaka jana kansere iliingia mu nyumba yetu: mama watoto alisikia kidonge kigumu mu ziwa lake la kushoto. Yeye mwenyewe ndiye alitupatia ruhusa ya kuandika haya, na alituomba jambo moja tu: «Musiandike paka bizuri. Andikeni na pale mulikosea.»

Basi tuanze na pale tulikosea.

Siku tuliyoiacha ipite

Kosa la kwanza lilikuwa kunyamaza. Kontra yetu ilikuwa karibu kuandikwa upya, na tulifikiri: tukisema kwamba tuko na mugonjwa wa muda mrefu, mwenye kazi ataona gharama, atatafuta mutu mwingine. Sisi wa sendika, wenye kusimama kila mwezi mbele ya wenzetu na kuwaambia «jueni haki zenu», tulificha. Hata shefu wa ekipe hakujua. Hata delege mwenzetu hakujua.

Dawa ya kwanza tulienda bila shida. Ya pili ilianguka mu siku za kazi. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilomita 300 hivi. Mama watoto angepanda bisi peke yake, alale kwa ndugu, aingiziwe serumu mchana kutwa, kisha arudie na kichefuchefu mu bisi yenye kujaa watu. Alisema hawezi peke yake. Sisi tulisema hatuwezi kuomba ruhusa. Tuliacha siku ipite.

Tulifika ku lupitalo siku tisa nyuma. Munganga, mama wa makamo, aliangalia karatasi, akaangalia tarehe, akatuuliza: «Papa, ni nini ilikuwa ya maana kupita hii?» Hatukupata jibu. Kisha alitufasiria polepole. Shimio, ile dawa ya kansere yenye kupita mu mushipa, inapiga mbegu mbaya za mwili, lakini inapiga na mbegu nzuri. Ndiyo sababu wanaacha siku katikati, mara nyingi 21, ili mwili ujijenge. Siku zikizidi bila sababu ya munganga, ile mbaya nayo inajijenga. Sisi tunaofanya kazi mu kariere tulielewa mara moja. Ni sawa pompe ya maji: ukiizima siku chache ili kuokoa mazutu, maji inapanda, na ile uliyopata kuokoa inalipwa mara mbili.

Siku ile, mu bisi ya kurudi, tulikata shauri kwamba kesho yake tutasema ku kazi.

Hesabu ya 14 na 7

Tuliingia kwanza kwa delege mwenzetu, kisha tukaenda naye kwa shefu wa ekipe. Tulileta karatasi ya munganga yenye tarehe zote. Hatukulia, hatukugombana. Tuliweka kalandria mbili juu ya meza. Pale ndipo shefu mwenyewe aliona kitu ambacho sisi hatukuona: kazi 14 na mapumziko 7 ni 21. Dawa nayo ni 21. Kama tukibadilisha ekipe mara moja tu, siku za dawa zote zitaanguka mu juma la mapumziko.

Tulibadilisha. Rafiki mmoja alikubali kuchukua nafasi yetu mu ekipe ya B. Tangu siku ile tulianza kuishi kwa hesabu hii, na tunaiandika hapa kwa sababu inaweza kusaidia nyumba nyingine.

Siku ya 1 ni ya dawa. Siku ya 2 mpaka ya 5 ni za kichefuchefu: hakuna kukaanga samaki, hakuna mafuta yenye kunuka, ni uji mwepesi, chikwangwe kidogo, ndizi, maji kidogo kidogo. Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa kwa saa yake, haingojwi kutapika kwanza. Dawa moja ya rangi nyekundu inabadilisha mukojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Wa kwetu mudogo aliona, akapiga kelele kwamba mama anatoka damu. Kama munganga angetuambia mbele, ao kama sisi tungeuliza, mutoto hangelia vile. Siku mbili za kwanza, nguo zenye matapishi ao mukojo tunazifua mbali na zingine, na gan mu mikono.

Siku ya 7 mpaka ya 14 ndizo za hatari, hata kama mugonjwa anajisikia vizuri. Walinzi wa damu wamekuwa kidogo. Hapo hatupokei mutu mwenye kukohoa. Sisi wenyewe tunavua nguo za kazi inje na kunawa mbele ya kuingia. Tulinunua termometre, kitu kidogo kabisa, na iko juu ya radio. Homa ikifika 38, haingoji kesho, haingoji maombi ya jioni, haimezwi paracetamol na kulala: ni kuenda ku lupitalo usiku huo huo na kusema «yuko ku shimio». Ilitufikia mara moja, saa nane ya usiku, mvua ikinyesha. Jirani mwenye taksi aliamka. Siku tatu za antibiotiki, akarudi.

Siku ya 15 mpaka ya 20 ni siku zetu nzuri. Ndizo siku za kanisa, za soko, za kusukana na wajukuu wa jirani hata kama yeye mwenyewe hana tena nywele. Tulijifunza kuweka mu siku hizo mambo ya maana: batizo, mukutano wa masomo, kikao cha familia.

Lakini hesabu haifuatwi kila mara. Mbele ya kila dawa kuko kupima damu. Mara ya nne damu ilikuwa chini, munganga akasogeza dawa siku 7. Hiyo haikuwa kosa la mutu, lakini kalandria yetu nzuri ikavunjika: nyekundu ikaanguka tena juu ya bluu. Safari hii hatukuficha. Tuliuliza, na wandugu watatu wa ekipe waligawana siku zetu. Nasi tumewalipa siku zao, moja kwa moja, mpaka Noeli.

Mutoto aliyeacha masomo bila kutuambia

Kosa la pili lilituumiza kupita la kwanza. Binti yetu wa miaka 14 yuko mu mwaka wa munane, mwaka wa TENASOSP. Asubuhi alikuwa anavaa uniforme, anatoka. Sisi tunaenda kazi. Kisha yeye anarudi kwa mulango wa nyuma, anafua, anapika, anakaa karibu na mama yake. Mama alifikiri masomo imefungwa mapema. Siku 11 zilipita mbele ya prefe kutuita.

Tulimuuliza kwa nini. Alijibu: «Papa, mulisema mama iko na malaria. Lakini malaria haitoshe nywele. Nilijua munaficha. Niliogopa atakufwa siku niko ku masomo.»

Jioni ile tuliketi wote, hata yule wa miaka 6. Tulisema jina la ugonjwa. Tulisema haiambukize: mutaendelea kula naye mu sahani moja, kulala karibu naye. Tulisema munganga anatumika na sisi tunatumika, na hatuwezi kuahidi mwisho. Kisha tuligawa kazi. Kijana wa miaka 16 alisema kupika ni kazi ya wanamuke. Tulimukumbusha kwamba ku mugodi wanaopika mu kantini wengi ni wanaume na hakuna anayekataa sahani. Sasa bukari yake ni nzuri, sombe bado. Binti alirudi darasani. Shangazi yao anakuja siku ya 1 mpaka ya 5 ya kila dawa, na hizo tu, ili naye asichoke.

Wageni nao tuliwapangia. Ku kwetu mugonjwa anatembelewa, na kukataza mutu ni matusi. Lakini watu 12 mu chumba kimoja, kila mmoja na habari ya mutu wake aliyekufa kwa kansere, ni mzigo. Mama mukwe alipata njia: yeye anakaa inje chini ya muembe, anapokea salamu, anapokea unga na makala, anasema «analala». Wale wenye kusema kwamba amelogwa nao wanaishia pale pale. Mizizi waliyoleta, tuliionyesha munganga. Alisema isichanganywe na dawa, tukaiweka kando. Maombi tunaomba. Lakini tunaomba asubuhi, kisha tunapanda bisi.

Sheria inatupatia siku za kuzika

Sasa tuseme kama sendika. Kode ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inasema wazi kwamba mwajiri anatunza mufanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa: munganga, operesheni, dawa, lupitalo. Mufanyakazi mwenyewe akigonjwa na kontra ikisimama, ana haki ya theluthi mbili za mushahara wake. Basi musiogope kuomba boni ya matunzo. Muombe kwa maandishi, muweke kopi. Sisi tuko na daftari moja na mufuko mmoja wa plastiki: mapicha, matokeo ya damu, karatasi ya biopsi, fakture, tiketi za bisi. Kila kitu ndani, kwa tarehe. Karatasi iliyopotea inaweza kukula juma zima.

Wale wa kampuni ndogo za kupangisha wafanyakazi ndio wanateseka zaidi, kwa sababu wengi hawaonyeshwe hata ni lupitalo gani inawapokea. Muulize siku ya kuweka sinyatire, si siku ya ugonjwa.

Lakini kuko shimo. Mu Kode, zile siku za ruhusa zenye kulipwa zimeandikwa: kuoa, kuzaliwa kwa mutoto, ndoa ya mutoto, kifo. Bibi yako akikufa, sheria inakupatia siku 4. Bibi yako akiwa hai na anaenda ku shimio, haikupatie hata moja. Tuko na siku za kuzika, hatuna siku za kuponesha. Kinachoweza kujaza shimo hilo ni konvansio kolektive, ile tunayojadili wenyewe na mwajiri. Kwa hiyo, mu majadiliano yanayokuja, tunaomba kila delegasyo ilete pointi tatu: siku za kusindikiza mugonjwa wa nyumba, zenye kuonyeshwa na karatasi ya munganga, haki ya kubadilisha ekipe bila kupoteza primu, na tiketi ya mutu wa kusindikiza wakati lupitalo iko mbali. Pesa ya mambo haya si kubwa. Ekipe yetu ilishaonyesha kwamba inawezekana bila kamio hata moja kusimama.

Na ninyi mama, musingojee kidonge kiume. Haikuuma kwetu, ndiyo sababu tulikawia miezi. Kidonge kipya, ngozi yenye kuvutwa ndani, chuchu yenye kutoa damu, ao damu inje ya siku zenu: muende.

Mbele yetu

Dawa sita zimeisha. Operesheni imefanyika. Munganga ametuandikia radioterapi Lusaka: siku 5 kila juma, kwa majuma kadhaa, na hakuna kuruka. Ni Kasumbalesa, ni paspoti na karte ya manjano, ni kupanga chumba mu inchi ya wengine. Mama mukwe atasindikiza. Sisi tutabaki na watoto na kariere, tutavuka mu siku 7 za mapumziko. Likelemba ya ekipe imekubali kutupatia zamu yetu mbele ya wakati.

Mama watoto anaogopa, anasema wazi. Haogopi mashini. Anaogopa TENASOSP ya binti ipite yeye akiwa mbali. Juzi binti alichukua biki ya bluu na biki nyekundu, akakuta hazitoshi. Akatafuta ya kijani, akaandika siku za examen yake. Sasa ukuta uko na rangi tatu.