Ngaahika Ndeenda ilivyorejea jukwaani bila ya ukumbi wake

TAMTHILIA ya Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ilirejea jukwaani jijini Nairobi Mei 2022, miaka 45 tangu ipigwe marufuku.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ndio walioiandika kwa Kikuyu. Hata hivyo, wakulima na vibarua wa Kamirithu, Limuru, waliirekebisha, wakaitia nyimbo na ngoma zao, kisha wakajenga ukumbi kwa mikono yao. Ilifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 serikali ikafuta kibali. Mwaka ulipokwisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Kisa chenyewe hakikuwa kigeni kijijini: Kiguunda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, anapoteza shamba lake kwa tajiri Kioi. Bila shaka kilichowaudhi wakubwa ni kwamba walioigiza dhuluma hiyo ndio waliokuwa wakiishi maisha hayo, na waliisema kwa lugha ambayo kila jirani aliielewa.

Mnamo Machi 1982 ukumbi ulibomolewa. Ndiposa onyesho la 2022, kwa Kiingereza na Kikuyu, lilifanyika katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Kamirithu, palipokuwa na jukwaa, palijengwa chuo cha ufundi.