Kwa Nini Moyo Upigwe Picha Zaidi ya Moja?

Mzazi anayempeleka mtoto hospitali kwa sababu anachoka upesi na kuhema hushangaa akiambiwa, baada ya eksirei, kwamba kuna kipimo kingine. "Si amekwisha kupigwa picha?" Swali hilo ni la haki, maana kila kipimo kina gharama yake.

Eksirei ya kifua huonyesha umbo la moyo: kama umetanuka, na kama mapafu yameingia maji. Lakini haionyeshi vali, yaani milango ya moyo, zikifunguka na kujifunga. Kazi hiyo hufanywa na ultrasaundi ya moyo, inayotumia mawimbi ya sauti, bila mionzi wala maumivu. Hapo daktari huona vali iliyokakamaa, au inayoacha damu irudi nyuma. Picha ya kwanza husema moyo umetanuka. Ya pili husaidia kueleza kwa nini.

Kwetu Afrika Mashariki, moja ya sababu kubwa za vali za watoto kuharibika ni homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa vema, hasa kati ya umri wa miaka 5 na 15. Ultrasaundi huweza kugundua dosari ambayo daktari bado haisikii kwa chombo chake cha kusikilizia. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka kadhaa, huzuia homa hiyo isirudi kuharibu vali zaidi.

Wazazi, tusidharau koo la mtoto. Na tukiandikiwa kipimo cha pili, tumwulize daktari anatafuta nini, kisha tusikiache.